Seremala Gani Ana Vidole Vyote

Watu wakiniuliza habari za Kisyeri, jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba hakuwahi kumaliza kitu. Nawaambia mapema, kabla hawajaanza kutikisa vichwa na kusema yule mtu alikuwa na akili ya pekee. Akili alikuwa nayo, sikatai. Lakini mimi, Rubeni Nyangwine, seremala, nimetengeneza vitanda zaidi ya mia mbili, madawati ya shule, mizinga ya nyuki, majeneza ya watu wazima na ya watoto, na vyote vilikwisha. Hakuna maiti aliyewahi kungoja jeneza langu. Kisyeri yeye kazi yake ilikuwa kuanza. Huko kuanza ndiko kulikomletea sifa, na sifa zile zilinikaba koo tangu tukiwa vijana.

Tulizaliwa upande wa Tarime, miji miwili iliyotenganishwa na shamba la mihogo, tukatahiriwa msimu mmoja. Kwetu Wakurya hilo si jambo dogo. Mtu wa saiga yako, yaani rika lenu mliotahiriwa pamoja, ni zaidi ya ndugu. Anaingia kwako bila hodi, anakula sahani moja na wewe, na akikukosea humpeleki mbele ya wazee. Kwa hiyo wivu wangu niliukalia kimya. Ningemshitaki kwa nani, na kosa lenyewe ningeliitaje?

Alitumia mkono wa kushoto. Mwalimu alimchapa, baba yake akamfunga mkono ule kwa kamba ya katani, haikusaidia kitu. Kwa mkono huohuo alichora kwa mkaa kwenye vibuyu vya mama yake: ng'ombe wanakunywa maji, mbwa anajikuna, bibi kizee anapepeta ulezi. Majirani wakawa wanakuja kuomba maziwa wasiyoyahitaji ili wavione vibuyu. Mimi nilitumia mkono wa kulia kama watu, na hakuna aliyekuja kuniangalia.

Wazazi wetu walihamia Serengeti kufuata malisho, na mwaka sabini na nne Operesheni Vijiji ikatukusanya katika kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa asubuhi moja kutoka Issenye. Wakurya, Wanata, Waikoma, wote tukapangwa mistari kama mahindi. Nyumba yangu ikawa namba kumi na nne, ya Kisyeri kumi na tano. Serikali ilikuwa na nchi nzima ya kumweka, ikamweka dirishani kwangu.

Katika kijiji kile ndipo alipotengeneza baiskeli ya mbao. Aliiota, akaichora chini kwa kijiti, kisha akaja kwangu.

"Mura," akasema, yaani kijana, kama Wakurya tunavyoitana, "nichongee magurudumu mawili."

Nikachonga. Wiki mbili nilikuwa napinda mbao kwa moto na maji mpaka zikakubali kuwa duara. Siku ya kuijaribu kijiji kizima kilipanda kwenye kilima. Kisyeri akateremka nayo, akapita mwembamba na wa ajabu, akavuka shamba la pamoja la pamba, ikavunjika kwenye mtaro. Watu walimbeba mabegani. Kilichovunjika ni usukani, alioutengeneza yeye. Magurudumu yangu yalibaki mazima, yakaendelea kubiringika yenyewe mpaka mtoni. Hata hivyo mpaka leo watu wanaitaja baiskeli ya Kisyeri. Sijasikia hata mmoja akitaja magurudumu ya Rubeni.

Basi ndivyo ilivyokuwa alipofika Padri Method.

Padri Method alikuwa Mkerewe, mwembamba, mwenye kupenda chai kali na mazungumzo marefu. Alikuwa amesoma Roma miaka mitano, akarudi na sanduku la vitabu. Kijiji chetu kilikuwa kigango chake, na sisi tulikuwa tukisali chini ya turubai. Akatuhimiza tujenge kanisa. Tulifyatua matofali ya udongo kila Jumamosi baada ya kazi za pamoja, na kabla ya Krismasi ya mwaka sabini na tano kuta zilikuwa zimesimama na bati limepigwa. Kilichobaki ni mambo mawili: milango, na ukuta wa mbele, nyuma ya altare, ambao Padri alitaka uwe na picha ya Karamu ya Mwisho.

Milango nilipewa mimi. Nilifurahi, ila picha pia nilikuwa nimeiomba. Msicheke. Nilikuwa nimefikiria kuichonga kwenye ubao wa mninga, mitume kumi na wawili wamekaa kwa mstari, kila mmoja na kigoda chake. Nilikwenda kwa Padri kumweleza. Nilimkuta amekaa na Kisyeri, kitabu kimefunuliwa mezani kati yao, na chai ya Kisyeri imeshapoa kwa jinsi alivyokodoa macho.

"Karibu, Rubeni," Padri akasema. "Njoo umwone mtu huyu."

Mtu mwenyewe alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu za mbuzi. Aliitwa Leonardo, wa kijiji cha Vinci huko Italia. Padri akatusimulia. Alizaliwa nje ya ndoa. Aliandika kwa mkono wa kushoto, tena kinyumenyume, mpaka usome kwa kioo. Hapo Kisyeri akautazama mkono wake. Sokoni alikuwa akinunua ndege waliofungwa, anawafungulia waruke. Alichora mabawa ya kumrusha mtu, mitambo ya kupandisha maji, daraja, na mtoto akiwa tumboni mwa mama yake. Alifinyanga farasi wa udongo mkubwa kuliko nyumba, amwage shaba baadaye. Shaba ikachukuliwa kwa mizinga ya vita, na askari wa kigeni wakamfanya farasi shabaha ya mishale yao.

"Hakumaliza?" nikauliza.

"Mengi hakumaliza," Padri akasema, akitabasamu kama anayesimulia utundu wa mwanawe.

Nikaona haya ndiyo yaleyale. Ulaya nako wanapenda wa namna hii.

Kisha akafungua ukurasa wa Karamu. Meza ndefu, watu wanashtuka, wanasimama, wanaulizana kwa mikono, na katikati Yesu ametulia. Mitume wangu wa vigoda walikufa palepale. Padri akasema mkuu wa watawa alichoka kungoja, akaenda kulalamika kwa mtawala, na Leonardo akajibu kwamba bado anatafuta uso wa Yuda, lakini akikosa kabisa atatumia wa mkuu mwenyewe. Kisyeri alicheka mpaka akakohoa.

"Na picha hii ipo mpaka leo?" Kisyeri akauliza.

"Ipo, lakini imechakaa. Wenzake walipaka rangi kwenye lipu ikiwa mbichi, ikashika. Yeye alitaka kwenda polepole, akapaka kwenye ukuta mkavu kwa dawa yake mwenyewe, mayai na mafuta. Ilianza kubanduka angali hai. Na baadaye watu walitoboa mlango ukutani, wakakata miguu ya Yesu."

"Mlango!" Kisyeri akasema, akanigeukia. "Umesikia, mura? Nyinyi watu wa milango mna kesi."

Walicheka wote wawili. Nami nilicheka nao. Ukuta akapewa Kisyeri siku ileile. Tangu hapo kijiji kikamwita Leonadi, na nikawa na watu wawili wa kuwaonea wivu, mmoja jirani yangu, mwingine Mzungu aliyekufa miaka mia nne na hamsini iliyopita.

Akaanza. Aliomba mayai kwa ajili ya rangi, na wanawake waliokuwa wakisema hawana hata yai la mgonjwa wakapeleka makapu. Mke wangu Verdiana alipeleka kumi.

"Mayai yetu?" nikamuuliza.

"Ya kuku wangu, Baba Wegesa," akanijibu. "Wako ni wale wa mbao."

Aliomba nyuso. Hilo ndilo lililonimaliza. Alimwita huyu na yule, akawakalisha kwenye jiwe na kuwachora kwenye makaratasi ya mifuko ya sukari, kisha akawapeleka ukutani. Matiko, mwenyekiti wetu wa kijiji, akawa Petro. Ryoba, mwenye ng'ombe wengi kutuzidi na asiyeamini neno la mtu mpaka aone, akawa Tomaso. Ghafla kijiji kizima kikawa mitume. Mtu akipalilia shamba la pamoja anakuambia, "Mimi ni Andrea." Watu walinyoa, wengine wakaacha kunyoa. Niliota ndevu mimi pia. Nilipitapita mbele ya lile jiwe nimebeba mbao ambazo hazikuwa na safari. Hakuniita.

Kinyume chake, alikuja kukaa kwenye karakana yangu. Anakaa kwenye mlundo wa maranda, anaangalia ninavyopiga randa. Siku tatu, nne. Niliona anatafuta kuiba na kazi yangu pia.

"Huna kazi kanisani?" nikamwambia.

"Ninayo. Endelea tu, mura. Shika ubao kama ulivyoushika."

"Nitaushika ninavyotaka."

Akaondoka. Nilimhesabia mitume kwa vidole. Kwa mkono wa kushoto nina kidole kifupi, cha shahada, msumeno ulikila mwaka wa uhuru, kwa hiyo hesabu zangu huchelewa kidogo. Nyuso zote zilikuwa zimepata wenyewe. Iliyobaki ilikuwa ya Yuda. Nikajua ananitafutia mahali pale.

Sasa nitarudi nyuma kidogo, niseme la udongo. Kisyeri alitaka ukuta uwe mweupe kabla ya kuanza, na chokaa miaka ile haikuonekana hata Musoma. Siku moja, mwezi wa pili, nilimkuta nje ya kanisa anakoroga lipu kwenye pipa lililokatwa, na kando yake vikapu vitatu vya udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo.

"Umeutoa wapi?"

"Mbugani, chini kule kwenye mkondo mkavu. Uone ulivyo mweupe!"

Mahali pale napajua. Kila mfugaji anapajua. Ndipo ng'ombe wanapokimbilia wakishapita mtoni, wanapiga magoti, wanalamba ardhi mpaka wameichimba mashimo. Hata nyumbu hufika. Aligeuka kuongeza maji, nikachovya kidole kikapuni, nikaonja. Chumvi ilinikamata ulimi.

Kisyeri alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe kama mimi. Lakini mtu wa kutafuta weupe huona weupe. Ng'ombe alikuwa amemsahau kabisa.

"Unaonaje?" akauliza bila kugeuka. "Unafaa?"

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi uleule wenye chumvi. Nikasema, "Mchoraji ni wewe." Nikaenda zangu.

Nilijifariji kwamba ukuta uko ndani, na ng'ombe hawasali. Milango ikifungwa, chumvi itamdhuru nani? Ila milango ilikuwa kwangu. Niliimaliza kabla ya Kwaresima, mbao za mninga, fremu na vipande viwili, mchongo wa msalaba kila upande. Sijawahi kutengeneza mizuri kama ile. Niliisimamisha karakanani, nikaifunika kwa mkeka. Padri alipouliza nilimwambia, "Padri, bawaba hakuna. Duka la ushirika halina hata msumari." Huo haukuwa uongo wote, kwa maana duka la ushirika kweli lilikuwa na chumvi, viberiti na picha ya nanasi tu. Lakini bawaba nane, nzito, nilikuwa nazo. Nilizinunua mwenyewe ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, sokoni Isebania, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Nilitaka Jumapili ya Matawi watu waone picha kwenye kanisa lisilo na milango, wakumbuke kuna mtu mwingine kijijini. Nilitaka waje waniombe. Nilitaka Matiko, pamoja na Upetro wake, asimame mlangoni kwangu aseme, "Fundi, tusaidie."

Jumapili ya Matawi Kisyeri aliondoa magunia aliyofunikia ukuta. Mimi sikwenda. Nilisema mgongo unauma. Nilikaa karakanani, nikasikia kwanza kimya kirefu, kisha vigelegele, kisha kicheko kikubwa cha kanisa zima, kisha vigelegele tena. Kicheko kile kilinichoma. Nilijua wananicheka mimi, nimekaa ukutani kama Yuda, na mfuko wa fedha mkononi.

Verdiana alirudi anatoa machozi kwa kucheka. "Baba Wegesa! Ungeona! Yaani ule mkono—"

"Sitaki kusikia habari za ukuta," nikamwambia. "Katika nyumba hii ukuta ule hautajwi."

Akaenda zake jikoni. Jumatatu watu walipita karakanani wakiniangalia mikono na kutabasamu, nikawafukuza kwa macho. Mmoja akasema, "Fundi, tumekuona." Nikamwambia nitamvunja meno.

Jumanne mchana mvua ya mawe ilishuka. Watu wote tulikuwa kwenye shamba la pamoja, tukakimbilia ghala la pamba, Ryoba pamoja nasi. Ng'ombe wake walikuwa wakila majani jirani na kanisa. Ng'ombe akipigwa mawe anatafuta paa kama mtu, na paa lililokuwa wazi lilikuwa moja. Ilinyesha kwa saa nzima, kisha ikapungua ikawa manyunyu ya kuchosha, nasi tukakaa ghalani mpaka karibu jioni.

Tulipotoka Ryoba alitangulia kutafuta mifugo yake. Tulimsikia akipiga kelele, si ya hasira, ni kelele ya mtu aliyeona msiba. Tukakimbia wote. Mlango wa kanisa ulikuwa tundu tupu, na ndani ng'ombe kumi na moja walikuwa wamesimama nyuma ya altare bega kwa bega, wametulia, mikia inapunga, na ndimi zinafanya kazi. Hawakutugeukia hata. Ulimi wa ng'ombe ni kama jiwe la kusagia. Sauti ile naisikia mpaka leo: krr, krr, krr.

Tuliwatoa kwa fimbo. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuitazama picha ya Kisyeri. Juu, ambako ulimi haukufika, vichwa vilikuwepo. Matiko alikuwepo ameshtuka, mshipa wa shingo umemtoka kama anapogombana na bwana shamba. Ryoba alikuwepo, ananyosha kidole. Yuda alikuwepo, na hakuwa mimi wala mtu yeyote: alikuwa ametupa kisogo tu, asije akamkosea mtu heshima. Katikati alikuwepo Yesu, ameinamisha macho, na uso wake haukuwa wa mtu wa kijijini. Macho yake yalitazama chini, mezani, kitu anachokifanya kwa mikono. Lakini meza haikuwepo. Kuanzia kifuani kushuka chini kulikuwa na udongo mtupu, umelowa mate.

Kisyeri alisogea. Akaweka kiganja ukutani pale ndimi zilipokomea, akapima urefu kama anayepima nguo. Akajilamba kiganja.

"Chumvi," akasema. "Nilisahau ng'ombe."

Watu waliogopa atalia au atamvaa Ryoba. Alikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, akaangalia vichwa vyake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi huyu Leonadi wa kwanza walimtobolea mlango. Mimi nimekosa mlango." Watu wengine walicheka kwa huruma. Hakunitazama, na mimi nilitazama mlangoni.

Usiku ule sikuupata usingizi, na asubuhi na mapema nilibeba milango. Niliitundika kabla jua halijawa kali, bawaba nne kila upande, ikafunga bila hata kukwaruza. Matiko akaja, akaifungua na kuifunga mara tano, akasema mbele za watu lile neno nililolitaka miaka yote: "Fundi, hii ni kazi." Watu wakapiga makofi. Niliwaangalia wakiusifu mlango mzuri wa kufungia ukuta uliolambwa, nikaokota nyundo yangu, nikaondoka.

Nyumbani nilikuta kopo la maziwa ya unga katikati ya meza, tupu. Verdiana alikuwa amekaa nyuma yake.

"Bawaba ulizipata lini?" akauliza.

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Tangu lini, Baba Wegesa?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

Akavuta mkono wangu wa kushoto juu ya meza, akauweka kiganja chini, kama anayeweka kitu cha kuuza. "Uliniambia habari za ukuta zisitajwe. Sasa nitazitaja. Yesu alikuwa anamega ugali. Mkono wa kulia alikuwa anamega, wa kushoto ameshika sinia hivi, kama unavyoshika ubao. Na kidole hiki kilikuwa kifupi. Kanisa zima lilikutambua papo hapo, ndiyo maana tulicheka. Padri akamuuliza Kisyeri, mbona Bwana wetu umemkata kidole? Kisyeri akamwambia, 'Padri, Yesu alikuwa seremala. Seremala gani ana vidole vyote?' Tukapiga vigelegele. Mimi nililia. Hakuna mke aliyewahi kupigiwa vigelegele mkono wa mume wake."

Nikakumbuka mlundo wa maranda, na siku nne za kukaliwa. Shika ubao kama ulivyoushika. Nikautazama mkono ule mezani, na mishipa yake na kovu la patasi, nikautamani kama mali ya mtu mwingine. Kijiji chote kiliiona mikono yangu pale, hata watoto wa kunyonya mgongoni. Ng'ombe wa Ryoba waliiona kwa karibu kuliko wote. Niliyeikosa ni mimi.

Mtadhani wivu uliisha. Haukuisha, ulihama. Niliwaonea wivu waliokuwepo siku ile ya Matawi, nikawa nawauliza mmoja mmoja kwa ujanja: eti vidole vilikuwa na kucha? Eti rangi ilikuwa ya kahawia au nyekundu? Kila mtu alinieleza mkono tofauti. Nilimsihi Padri amwombe Kisyeri arudie. Padri alimwomba. Kisyeri akasema, "Nimeshaichora, Padri," na wakati huo alikuwa ameshaanza kitu kingine, kinu cha kupandisha maji kutoka mtoni, na hicho hakukimaliza. Kumwomba mimi mwenyewe sikuthubutu. Ningemwomba kwa mdomo gani? Kila Jumapili nilikaa benchi la mbele nikimtazama Yesu mwenye uso mzuri, mabega mazuri, na mikono iliyoishia kwenye viwiko.

Mwaka sabini na tisa Kisyeri aliamua kwenda Nyangoto kuchimba dhahabu. Alisema ameota mtambo wa mbao wa kuponda mawe. Alikuja karakanani kuaga, hakubisha hodi, akakaa kwenye maranda kama zamani. Niliendelea kupiga randa. Safari hii nilishika ubao kama nilivyoushika siku zile, nikamsubiri aangalie. Akaangalia. Nikajua nisiposema leo nitakufa nalo.

"Kisyeri," nikasema, "ule udongo nilijua una chumvi. Niliuonja."

Aliokota kipande kimoja cha maranda, akakizungusha kidoleni.

"Najua uliuonja. Nilikiona kivuli chako kwenye maji ya pipa, ulidhani nimekupa mgongo."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi nao, mahali pale si nimekua napo? Lakini nikakuona umechovya kidole, umeonja, umeniambia mchoraji ni wewe. Nikasema moyoni, Rubeni ameonja. Ungekuwa na kasoro, angeniambia." Akasimama, akapiga vumbi kwenye suruali. "Nikapaka ukuta wote siku ileile."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo sijaweza kumsamehe. Alitwika mzigo wake begani, akaushika kwa mkono wa kulia, akanipa ule wa kushoto kuagana. Nikaupokea kwa huu wangu, wenye kidole kifupi. Aliushika kwa muda, akaugeuza, akaukagua kama anayetafuta alipokosea, kisha akauachia na kushika njia ya Nyangoto.